Kwa mnaoanza kazi ya kutafuta koo: mwanamke wa zamani humpati kwa jina lake

Nyie mnaoingia sasa hivi kwenye hii kazi ya kuwatafutia Wamarekani koo zao mtandaoni, ngoja niwasimulie kilichonikuta kwenye mti wangu wa tatu tu, yaani mchoro wa ukoo unaomtengenezea mteja, labda mtaokoa zile wiki mbili ambazo mimi nilizitupa bure.

Mteja alikuwa mama mmoja mtu mzima. Akaniambia bibi yake alikuwa akisimulia kwamba wao ni kizazi cha John Howland, yule aliyekuja Marekani kutoka Uingereza na meli ya Mayflower mwaka 1620, na kwamba mke wa Howland alikuwa binti wa gavana, tena gavana wa kwanza kabisa wa Plymouth, makazi yaliyoanzishwa na abiria wa meli hiyo, John Carver. Mi nikaona hii kitonga. Nikaingia kwenye miti ya watu, nikakuta mmoja umeandika Elizabeth Carver, mwingine Elizabeth Tilley, mwingine tena Tilley lakini mama yake ni Bridget van der Velde, basi nikahesabu ni upi umerudiwa na watu wengi zaidi, nikakopi, nikapesti, nikaremba kidogo nikatuma. Mama akampelekea mtu wake anayezijua hizi kazi, na faili ikarudi imejaa wino mwekundu kama daftari la hesabu la darasa la nne. Nusu ya hela nikarudisha. Aibu ile sijaisahau mpaka leo.

Sasa nikaamua nimtafute huyu Elizabeth upya, bila haraka, hata kama silipwi. Na yeye ndo amenifundisha kazi kuliko video zote nilizoangalia.

Kwanza hiyo ya Carver, kwa sababu inachekesha. Haikuwa ya miti ya intaneti peke yake. Ilikuwa imani ya ukoo mzima, miaka na miaka, na karne ya 19 wajukuu wakamwekea Howland jiwe la kaburi pale Burial Hill, Plymouth, wakachonga kabisa kwamba mke wake alikuwa binti wa Gavana Carver. Kwenye jiwe! Mtu akiona kitu kimechongwa kwenye jiwe anaamini, lakini jiongezeni, lile jiwe liliwekwa zaidi ya miaka 150 baada ya mwenye kaburi kufa, aliyelilipia hakumwona Howland wala mkewe, alisikia tu kama mteja wangu alivyosikia kwa bibi yake. Halafu tuseme ukweli, nani hataki babu gavana?

Kilichovunja hadithi ni kitabu kilichoandikwa kwa mkono. William Bradford, gavana aliyefuata baada ya Carver, aliandika historia ya makazi yale na mwishoni akaorodhesha waliokuja na Mayflower, familia kwa familia, na kila mmoja mwisho wake ulikuwaje. Maandishi yale yalikuwa Boston, yakapotea kipindi cha vita vya uhuru, mwaka 1855 ikagundulika yako London kwenye maktaba ya askofu pale Fulham, na 1856 yakachapishwa. Humo Bradford anasema John Tilley na mkewe walikufa muda mfupi baada ya kushuka pwani, na binti yao Elizabeth akaolewa na John Howland. Basi. Sentensi moja ya mtu aliyekuwepo, aliyewajua, ikafuta karne mbili za simulizi. Jiwe lililopo sasa linamtaja Tilley.

Kwa hiyo ukipewa karatasi yoyote jiulize aliyeandika alikuwepo? Aliandika lini? Alikuwa na sababu ya kudanganya au ya kujipendekeza? Mti wenye watu elfu moja waliokubaliana unaweza kuwa ni mtu mmoja aliyekosea na wengine 999 waliokopi, mimi nikiwa mmojawapo.

Ila msiwacheke sana wale wajukuu, maana kosa lao lina mzizi. Howland alikuja kama mtumishi kwenye nyumba ya Carver, Carver akafa majira ya kuchipua 1621 na mkewe akamfuata baada ya wiki chache, na Elizabeth alikuwa mtoto wa miaka 13 aliyebaki yatima ule msimu wa baridi ambao karibu nusu ya abiria 102 walikufa. Baba, mama, baba yake mdogo Edward na mke wa Edward, wote wanne walikwenda. Inawezekana kabisa binti alilelewa kwenye nyumba ya Carver, na kwa vizazi viwili vitatu "aliyelelewa kwa Carver" ikageuka "binti wa Carver". Simulizi za bibi huwa hivyo, mara nyingi siyo uongo mtupu, ni ukweli uliohama kiti. Msizitupe. Ziandikeni pembeni zisubiri.

Sasa twende kwa mama yake Elizabeth, na hapa ndo mtajua kwa nini nasema mwanamke humpati kwa jina lake. Bradford mwenyewe, shahidi wetu mzuri, ameandika "John Tilley na mke wake". Jina la mke hakuna! Mwanamke kapanda meli, kavuka Atlantiki, kafa kwenye baridi, na aliyemjua kwa macho hakuona haja ya kumwandika jina. Mahali palipoachwa wazi watu hujaza, na huyo Bridget van der Velde alipachikwa hapo kutoka kwenye ndoa ya mtu mwingine kabisa huko Leiden, Uholanzi, ambaye jina lake lilifanana fanana na John Tilley. Mpaka leo mtamkuta kwenye miti.

Aliyempata mama halisi hakupita kwa mama. Alipita kwa majirani. Kwenye orodha ya Bradford, Edward Tilley na mkewe wamekuja na watoto wawili, Henry Samson na Humility Cooper, na Bradford anawaita neno ambalo leo Kiingereza ni binamu, ila karne ya 17 lilibeba ndugu wa kila aina, wapwa wakiwemo, na hawa kweli walikuwa wapwa wa mke wa Edward. Sisi Waswahili hapa tuna nafuu kidogo, tunajua mtu akikwambia "huyu kaka yangu" lazima uulize kaka wa tumbo moja au vipi, Mmarekani akisoma neno la zamani analichukua na maana ya leo moja kwa moja. Mfano mwingine ni maneno yao ya wakwe, zamani yalitumika pia kwa watoto wa kambo, kwa hiyo ukikuta wosia unamtaja "mkwe wangu wa kiume" usikimbilie kumwozesha binti, huenda ni mtoto wa mke alikuja naye.

Basi ukiwa na Tilley peke yake Uingereza umepotea, Tilley ni wengi. Lakini Tilley wawili ndugu, John na Edward, pamoja na Cooper, pamoja na Samson, kijiji kimoja? Hiyo ni alama ya vidole. Na kijiji kipo, kinaitwa Henlow, Bedfordshire, na rejista ya kanisa inawakusanya wote hao. Mwaka 1976 ndo ugunduzi huo ulichapishwa. Humo John Tilley anamwoa Joan Rogers tarehe 20 Septemba 1596, na huyu Joan alikuwa mjane, jina la nyumbani kwao ni Hurst, Rogers lilikuwa la mume aliyetangulia. Halafu tarehe 30 Agosti 1607 anabatizwa Elizabeth.

Tazama hapo mama mmoja ana majina matatu, Hurst, Rogers, Tilley. Ungetafuta "Joan Tilley" tu ungekuta ukuta, ungemtafuta "Joan Hurst" ungekuta mtoto aliyebatizwa halafu akayeyuka. Mimi siku hizi kila mwanamke namfungulia karatasi yenye majina yake yote na miaka ya kila jina, na nyuma ya karatasi naandika watu waliokaa jirani naye, waliosaini kama mashahidi, waliobatiza siku moja kanisani, waliosafiri naye. Mara nyingi jibu linatoka nyuma ya karatasi.

Na 30 Agosti 1607 ni ubatizo jamani, siyo kuzaliwa. Rejista za makanisa ya Uingereza, zilizoanza kwa amri mwaka 1538, zilikuwa zinaandika ubatizo, ndoa na mazishi. Andikeni "alibatizwa". Mimi wino mwekundu wa kwanza kabisa ulikuwa hapo hapo.

Wino wa pili ulikuwa kalenda, na hii itawaumiza wote, hakuna anayeponea. Waingereza na makoloni yao mpaka mwaka 1752 walikuwa wanaanza mwaka mpya wa kiserikali tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi vilikuwa mwisho wa mwaka wa zamani. Ndo maana mtaona tarehe imeandikwa 1672/3, siyo kwamba mwandishi hajui, anakwambia kwao ni 1672 kwetu ni 1673. John Howland alikufa Februari 1672/3. Binti yake Hope, ambaye ndiye mteja wangu anatokana naye, jiwe lake la kaburi liko Barnstable mpaka leo na linasema alifariki 8 Januari 1683 akiwa na miaka 54. Kwa hesabu yetu hiyo ni 1684. Mimi nilimwandika 1683, halafu nikakuta karatasi nyingine inayomtaja mume wake baadaye mwaka huo wa 1683 kama mtu mwenye mke hai, nikaanza kutunga nadharia ya Hope wawili. Nilipoteza siku nzima kwa Hope ambaye hakuwahi kuwepo. Shikeni hii, tarehe iandikeni kama ilivyo kwenye karatasi kwanza, tafsiri yako weka pembeni, usizichanganye.

Turudi kwa Elizabeth akishaolewa. Cheti cha ndoa hakuna. Tarehe ya ndoa wengi wanakisia, ila kuna karatasi moja tamu sana, ya mgao wa ng'ombe wa Mei 1627. Wale watu walikuwa na ng'ombe na mbuzi wa ushirika, wakaamua kugawana, wakajipanga makundi 12 ya watu 13 na kila mtu akaandikwa jina, wanawake na watoto wadogo kabisa. Kwenye kundi la Howland yupo John, mkewe Elizabeth, John mdogo na Desire. Maana yake Mei 1627 walikuwa tayari na watoto wawili, basi unarudi nyuma mwenyewe ndoa haikuwa baada ya 1625 hivi. Nani angedhani utampata mama kwenye daftari la ng'ombe? Mimi tangu siku hiyo naheshimu karatasi za mifugo kuliko hadithi za mashujaa. Mkataba maarufu wa Mayflower wenyewe hauna mwanamke hata mmoja, walisaini wanaume tu.

Watoto walifika kumi, na wote kumi wakakua wakaoa na kuolewa, kitu ambacho kwa wakati ule ni bahati kubwa, ndo maana kizazi chao ni bahari, wamo mpaka marais, Franklin Roosevelt na akina Bush baba na mwana. Kwa hiyo mteja akikwambia ni ndugu wa Bush usimcheke, usimwamini pia.

Halafu wosia. Nawaomba mkishika mwanamke wa Kimarekani wa zamani kitu cha kwanza muulize alikufa mjane? Mke wa mtu kwa sheria ile mali yake ilikuwa mikononi mwa mume na wosia alikuwa haandiki hivi hivi, lakini mjane anaandika, na mjane akiandika anaandika vitu ambavyo mwanaume hataji. Mume wake Howland kwenye wosia wake wa 1672 anamwachia nyumba ya Rocky Nook aitumie maisha yake yote, anamwita mke wangu mpenzi Elizabeth, basi, Tilley hata kwa bahati mbaya haipo. Wa kwake mwenyewe ni wa 17 Desemba 1686, akiwa anaishi Swansea ya Massachusetts kwa binti yake Lydia, na unaanza kwa kusema ana miaka 79 na akili zake timamu.

Simameni hapo kwenye 79. Toa 79 kwenye 1686 unapata 1607. Mwaka ule ule wa ubatizo wa Henlow! Rejista ni ya kijiji cha Bedfordshire, wosia ni wa Massachusetts, bahari iko katikati, na zimeandikwa kwa kupishana miaka 79 na watu wasiojuana, halafu zinakubaliana. Hapo ndo nilielewa ushahidi ni kitu gani. Ni karatasi mbili ambazo hazikukopiana.

Kosa langu lingine kwenye wosia huo huo, na hili mtalifanya nawaambia mapema. Elizabeth anagawa vitu kwa wana wanne, John, Joseph, Jabez na Isaac, na mabinti Lydia, Elizabeth na Hannah. Wanafika saba. Mi nikamwandikia mteja kwamba samahani mama, Hope hayumo, inaonekana hakuwa mtoto wake. Loh! Hope alikuwa ameshakufa, si tumeona jiwe lake? Desire naye alikufa Oktoba 1683, na Ruth alitangulia zaidi. Wosia unataja walio hai na wale mtu aliotaka kuwapa siku ile, siyo orodha ya shule. Asiyetajwa anaweza kuwa marehemu, anaweza kuwa alishapewa chake alipoolewa, anaweza kuwa walinuniana. Kutokuwepo kwa jina usikugeuze kuwa jibu.

Kutoka kwa Hope kuja kwa mteja kuna shimo, na shimo lenyewe halikuwa miaka ya 1600 kama nilivyodhani. New England, yaani kule kaskazini-mashariki mwa Marekani, waliandika sana, miji ya Massachusetts ilitunza vizazi na vifo mapema na majalada yake mpaka 1850 mengi yamechapishwa. Shimo ni kati ya 1790 na 1850, wakati watu walihama kwenda New York na Ohio na magari ya ng'ombe, huko hakuna karani. Sensa zipo tangu 1790 lakini zinaandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine wote ni tarakimu kwenye vyumba vya umri. Mama na binti zake watano ni vijiti. Sensa ya 1850 ndo ya kwanza kuandika kila mtu huru kwa jina, na nasema huru makusudi, kwa sababu wanawake waliokuwa watumwa hata 1850 na 1860 waliandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, wengi jina lao la kwanza kwenye sensa ni 1870. Kama mteja wako anatoka huko jipange kwa kazi ya aina nyingine kabisa. Uhusiano na mkuu wa kaya unaanza kuandikwa 1880, na ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921, kwa hiyo mnaruka miaka 20 kama mtu anaruka mtaro.

Kwenye hilo shimo vilivyoniokoa ni vitu viwili. Hati za kuuza ardhi, kwa sababu mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mume, mnunuzi mwenye akili alitaka mke asaini kuiachilia, basi shuka mpaka chini kabisa ya hati baada ya yale maneno yote ya mipaka na mawe na miti ya mialoni, utamkuta mama wa watu ameweka alama yake, na ukiangalia jina kwenye hati ya 1798 ni Sarah na ya 1806 ni Mary ujue kuna mke alikufa katikati na watoto wamegawanyika mama. Kingine ni mafaili ya pensheni ya wajane wa vita vya uhuru. Sheria za 1836 na 1838 ziliwafungulia wajane wengi kudai, lakini lazima wathibitishe ndoa, na wengi hawakuwa na cheti, wakachana kurasa za Biblia za familia zenye tarehe za watoto wakazituma Washington. Ziko mpaka leo, na zimepigwa picha. Mama mzee anaapa mbele ya hakimu aliolewa wapi, na nani alifungisha, na nani alikuwa mpambe wake siku ya harusi. Nilikaa usiku mpaka saa nane nasoma.

FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, ni bure, unafungua akaunti tu, lakini mti wao wa pamoja mtu yeyote anaweza kuuhariri, kwa hiyo ingieni kwa ajili ya picha za karatasi siyo kwa ajili ya mti. Mwandiko wa miaka ya 1600 utawatisha, s ndefu inafanana na f, Tilley inaandikwa Tillie na Tilly ukurasa mmoja, mtazoea baada ya kurasa 30 hivi, mi nilianza kwa kusoma wosia ambao tayari mtu ameshauchapa nikalinganisha na picha neno kwa neno. DNA msiikimbilie. Ile ya upande wa mama inapita mama kwa binti kwa binti bila kukatika, mwanaume mmoja akiingia katikati ya mstari imeisha, na mteja wangu alikuwa na wanaume wanne kati yake na Hope.

Halafu kitu kimoja ambacho wateja hawaulizi ila mimi siwezi kunyamaza, Plymouth haikuwa pori tupu, ilikuwa kijiji cha Patuxet cha Wawampanoag, na watu wake walifutwa na maradhi kati ya 1616 na 1619, kabla Elizabeth hajafika. Wanawake wa pale hakuna aliyewaandikia hata "na mke wake".

Mwisho wa kazi nikamtumia yule mama faili mpya, safari hii kila mstari una karatasi yake, na palipo na wasiwasi nimeandika wasiwasi. Gavana nikamwondoa. Nilidhani atakasirika. Kumbe hakujali gavana hata kidogo, alichoshika ni ule wosia, vile bibi kizee wa miaka 79 anavyogawa mashuka jozi kwa jozi, mizani kwa Joseph, vitabu, godoro la manyoya kwa Jabez pamoja na chungu kikubwa cha chuma na kulabu zake. Akaniandikia mstari mmoja: hicho chungu sasa hivi kiko wapi? Nikamjibu mama, hilo waulize watu wa Jabez, wewe ni wa Hope.